Jembe la Mgeni: Mila za Mashabiki wa Comiket

Katika foleni ya Comiket, mtu wa mwisho ndiye mwenye kazi. Kikundi kinachouza vijitabu vyake hutoa kibao chenye maandishi kwamba mkia wa mstari uko hapa, na kibao hicho hushikwa na yeyote aliyefika nyuma kabisa. Akitokea mwingine nyuma yake, hukipokea kwa adabu na kukiinua juu, ili wanaoutafuta mkia huo katikati ya umati wasihangaike. Hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo, hakuna mlinzi anayeisimamia, na kila mmoja hudumu nayo dakika moja au mbili tu kabla ya kuikabidhi. Ni tendo dogo mno, na wapiga picha wa magazeti hawana habari nalo. Wao huwafuata waliovaa kama mashujaa wa katuni. Lakini anayetaka kuwajua mashabiki wanaokutana Tokyo kila Agosti na Desemba namshauri aanzie kwenye kibao, mavazi yatafuata baadaye. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Comiket humpa mgeni jembe siku ya kwanza, mlangoni, na hoja yangu ni kwamba jembe hilo ndilo limewafanya watu wasiojuana wawe jamii yenye mila zake.

Jina kamili la shughuli hii ni Comic Market, na ilizaliwa katika ugomvi. Mwaka 1975 palikuwa na mkutano mwingine wa wapenzi wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, uliomkatalia shabiki mmoja kushiriki kwa sababu alikuwa ameukosoa. Kikundi cha wahakiki vijana kilichoitwa Meikyu, na Yonezawa Yoshihiro akiwa mmoja wao, kikaona kwamba shabiki anayeweza kufukuzwa na waandaaji hana kwake. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo walifungua mkutano wao katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Toranomon: vikundi 32, watu wapatao 700, wengi wao wasichana wa shule za sekondari waliompenda Hagio Moto na waandishi wenzake wa hadithi za wasichana. Kutokana na kisa kile cha kufukuzwa ikajengeka kanuni ambayo haijabadilika hadi leo: Comiket haina wateja. Aliyeketi nyuma ya meza ni mshiriki, aliyekuja kununua ni mshiriki, na anayeelekeza foleni kwa sauti iliyokauka ni mshiriki vilevile. Hata chombo kinachoendesha shughuli hujiita kamati ya maandalizi tu, kana kwamba kazi yake ni kutandika mkeka na kuwaachia wenyewe waukalie. Yonezawa aliiongoza tangu 1980 hadi alipofariki 2006. Siku hizi makao yake ni Tokyo Big Sight, majumba makubwa ya maonyesho kando ya ghuba yaliyofunguliwa 1996, na Desemba 2019 mahudhurio ya siku nne yalihesabiwa kuwa 750,000.

Watu 700 wanaweza kuheshimu kanuni kwa sababu wanaonana uso kwa uso. Jambo la kuelezwa ni namna kanuni hiyohiyo inavyosimama mbele ya umati wa mji mzima, na maelezo yake yamo katika siku ya shabiki wa kawaida. Siku hiyo huanza wiki kadhaa kabla, kwa katalogi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nene kama kitabu cha simu, ambamo kila kikundi kina kisanduku kidogo cha kuchora ilicho nacho. Shabiki huweka alama, huchora njia yake kwenye ramani ya ukumbi, kisha huvunja noti zake zipatikane sarafu za yen 100 na 500, kwa kuwa kumpa mchoraji noti ya yen 10,000 kwa kijitabu cha yen 500 ni kumtia taabu mtu asiye na chenji. Kulala nje ya ukumbi kumekatazwa, hivyo hupanda treni ya kwanza ya alfajiri. Agosti humkuta na joto la Tokyo lenye unyevu, na kiangazi cha 2013 watu walipiga picha za ukungu uliotanda chini ya dari, ukasemekana umetokana na jasho la umati. Desemba humkuta na upepo wa baharini. Husimama saa nyingi katika kundi lililopangwa kwa safu, na kundi linaposogezwa, husogea lote pamoja kama gwaride. Milango inapotangazwa kufunguliwa, ukumbi mzima hupiga makofi, kisha watu huingia kwa mwendo wa haraka lakini bila kukimbia, maana kukimbia nako kumekatazwa. Vikundi vyenye wafuasi wengi vimewekwa kando ya kuta, ili foleni zao zitoke nje zisiwazibie njia majirani. Mezani maneno ni machache: mtu huomba ruhusa kabla ya kufungua kijitabu, hukipekua kwa uangalifu, na asipokitaka hukirudisha kwa shukrani mbele ya yule aliyekichora. Nafikiri hapo pana mtihani mgumu wa adabu kuliko foleni yenyewe, kwa sababu mnunuzi wa dukani hamtazami machoni mtu ambaye kazi yake ameikataa.

Wanaovaa kama wahusika, mchezo uitwao kosplei, wana adabu zao pia. Hawaruhusiwi kuja wala kuondoka wakiwa wamevaa. Hubadilisha nguo katika vyumba vilivyotengwa, ili abiria wa treni na wakazi wa jirani wasilazimishwe kuwa watazamaji. Mwenye kamera huomba kwanza, na wakizidi wengi nao hupanga foleni. Mavazi, ambayo mgeni huyaona kuwa ndiyo Comiket yenyewe, yamefungiwa ndani ya mpaka wa wajibu kama vitu vingine vyote.

Nyuma ya meza pana upande wa pili wa jamii hii. Kikundi, ambacho mara nyingi ni mtu mmoja na rafiki yake, hupewa nusu ya meza, upana wa sentimita 90 hivi, na viti viwili. Juu yake huweka dojinshi, yaani vijitabu vya kujichapishia: hadithi zinazoazima wahusika wa watu, hadithi za kubuni kabisa, utafiti wa reli, mapishi, magari ya kivita, michezo ya kompyuta, muziki. Asubuhi, kabla ya wanunuzi kuingia, majirani wa meza husalimiana na kubadilishana vijitabu. Jana yake watu wa kujitolea walikwisha kuja kupanga maelfu ya meza hizo, na maelfu wengine hujitolea kuongoza watu siku yenyewe. Mtu anaweza kuwa mnunuzi mwaka huu, mwenye meza mwaka ujao, na mwongozaji wa foleni baadaye. Ngazi hizo ziko wazi, na wengi wamezipanda zote.

Kuna atakayesema kwamba hili ni soko tu: jina lenyewe linasema soko, fedha zinabadilishana mikono, na adabu ya foleni inapatikana hata kituo cha basi. Hoja hii ina uzito, lakini inashindwa na hesabu. Kamati imewahi kuwauliza wenye meza mapato yao, na wengi wao walijibu kwamba wanapata hasara wakishatoa gharama za uchapishaji, nauli na ada ya meza. Mfanyabiashara anayepata hasara mwaka baada ya mwaka hufunga duka. Watu hawa hurudi, na wanaokosa nafasi kwenye bahati nasibu ya meza husikitika. Wanachokifuata ni msomaji anayesimama mbele yao na kusema amesubiri toleo jipya tangu kiangazi. Hata hivyo hoja hiyo isipuuzwe kabisa. Kampuni zimekuwa na vibanda vyao rasmi tangu 1996, na foleni zake hazina uso wa mchoraji mwishoni mwake. Kiingilio, ambacho zamani hakikuwepo, kilianza 2019, na tangu shughuli irudi baada ya janga la korona pana tiketi za bei ya juu za kuingia mapema. Najua gharama za majumba zimepanda na kwamba tiketi hizo zinapunguza msongamano wa alfajiri. Bado zinaniuma, kwa sababu jamii iliyojengwa juu ya usawa wa washiriki inapouza saa ya kuingia, inakata kipande cha mwili wake. Ningetamani ada ingepanda kwa wote kwa kiasi kilekile.

Pingamizi zito zaidi ni la mali. Dojinshi nyingi hutumia wahusika ambao wachoraji wake hawakuwabuni, na mtu anaweza kuuliza ni mila gani hii inayosimama juu ya kitu cha kuchukua. Jibu linaanza na ukweli kwamba mipaka ipo na watu wameumia walipoivuka. Mwaka 1999 mchoraji mmoja alikamatwa kwa kijitabu cha watu wazima chenye wahusika wa Pokémon. Mwaka 2007 aliyechapisha mwisho wa kubuni wa manga ya Doraemon, kwa mchoro uliofanana mno na wa asili, aliomba radhi na kutoa sehemu ya mapato yake kwa wenye haki. Lakini kwa kawaida wenye haki hunyamaza, na ukimya wao una sababu. Kwa muda mrefu sheria ya Japani iliacha mashtaka ya hakimiliki yategemee malalamiko ya mwenye mali. Ilipobadilishwa mwishoni mwa 2018, iliruhusu baadhi ya mashtaka bila malalamiko, ila kazi za kuigiza na kugeuza kama dojinshi ziliachwa nje ya badiliko hilo. Mchoraji Akamatsu Ken alishabuni mwaka 2013 alama ambayo mwandishi huiweka kwenye kazi yake kuwaruhusu mashabiki waitumie. Wenye haki wanajua wanachokilea: CLAMP, wachoraji wa manga, walianza kama kikundi cha dojinshi, na mchezo wa Tsukihime, uliouzwa Comiket Desemba 2000 na kikundi kiitwacho Type-Moon, ndio uliokifungulia njia ya kuunda mfululizo wa michezo wa Fate. Anayeazima mhusika leo hujifunza mkono wake kwa kumwazima, kama mwanafunzi wa fundi seremala anavyoanza kwa kuiga kiti cha mwalimu wake.

Limebaki swali la aibu. Mwaka 1989 mauaji ya watoto yaliyofanywa na kijana aliyeelezwa kuwa mpenzi wa katuni yaliwafanya Wajapani wengi wawatazame mashabiki wote kama hatari, na mwaka 1991 ukumbi wa Makuhari Messe, walikokuwa wakikutana wakati huo, ulikataa kuwapokea kwa hofu ya vijitabu vya ngono. Vijitabu hivyo vilikuwepo na vipo, sitavitetea vyote. Ninachokitetea ni jinsi jamii ilivyojibu. Ilirudi katika majumba ya Harumi, Tokyo, ilikokuwa ikikutana kabla ya hapo, ikaimarisha ukaguzi: kila kikundi hukabidhi nakala ya mfano asubuhi, nayo hutazamwa kabla ya kuuzwa, na kisichofaa kwa sheria huondolewa mezani. Ukaguzi huo hufanywa na washiriki wenyewe, si na polisi. Jamii inayokubali kumnyima mwenzake nafasi ya kuuza ili wote wapate pa kukutana imefanya jambo ambalo soko halilifanyi kwa hiari.

Mwaka 2020 mkutano wa kiangazi, uliokuwa umesogezwa hadi Mei, ulifutwa, mara ya kwanza katika historia yake, na hakuna mkutano uliofanyika mpaka Desemba 2021, kwa idadi ndogo iliyowekewa kikomo. Duka likifungwa miezi ishirini, wateja hupata duka jingine, na vijitabu hivi tayari vilikuwa vikiuzwa kwa intaneti bila mtu kuamka alfajiri. Lakini walirudi, wakiwa wamevaa barakoa, na Desemba 2024 mahudhurio ya siku mbili yalifika 300,000. Saa kumi jioni kipaza sauti hutangaza mwisho, na makofi huanza upya, ya wenye meza na ya wanunuzi pamoja. Kisha mtu hukunja kiti alichokalia, humsaidia jirani kukunja meza, na hukusanya taka zake.