Pesa ya Tajiri Kwenye Akaunti Yangu

Barua ilinifikia Katesh mwezi Juni 2024. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyongeza ya shilingi 1,848,000, bado riba. Kwa mwaka 2023 nilikuwa nimeshalipa 168,000 kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na sikuchelewa hata moja. Nilisoma ile tarakimu nikiwa nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena.

Mimi ni mnunuzi wa vitunguu saumu. Napanda hadi Bashay na Dongobesh, upande wa Mbulu, nakusanya kwa wakulima gunia moja moja, napakia kwenda Dar es Salaam. Sehemu ndogo ya mzigo ni yangu mwenyewe. Sehemu kubwa ni ya tajiri: yeye anatuma pesa, mimi nanunua, nasimamia upakiaji, naye ananipa 8,000 kwa kila gunia. Watu wa mazao wote wanaujua mtindo huu. Mwaka 2023 nilimnunulia magunia 120 kwa wastani wa 400,000, yaani 48,000,000. Pesa hiyo yote ilipita kwenye akaunti ileile ninayowekea mauzo yangu, ambayo mwaka ule yalikuwa 9,600,000.

Nilikwenda ofisi ya kodi na barua mkononi. Ofisa hakunikaripia. Aligeuza karatasi nione.

"Mama, kadirio lako ni la mauzo ya 9,600,000. Benki inaonyesha zimeingia 57,600,000. Hizi nyingine ni za nani?"

Nikamwambia ni za tajiri. Akauliza, "Karatasi inayoonyesha hivyo iko wapi?"

Koo lilinikauka. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulituporomoshea matope, mawe na magogo. Tulizika watu zaidi ya 80. Daftari langu lilikuwa kwenye rafu ya stoo, na stoo ilijaa matope mpaka dirishani. Mbele ya misiba ile sikuwahi hata kulikumbuka. Nilikuja kulikumbuka siku ile, nimekaa mbele ya meza ya ofisa.

Sasa nieleze deni lilivyozaliwa, maana wengi hudhani ofisi inabuni tu. Mfanyabiashara mdogo, ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, hutozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo, faida haihesabiwi. Kwa viwango vya mwaka ule, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 na anayetunza kumbukumbu alilipa 90,000, na juu yake asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Ndiyo 168,000 yangu. Asiye na kumbukumbu, kwa mauzo hayohayo, alilipa 250,000. Ukivuka milioni 11, kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Chukua 57,600,000, tafuta asilimia 3.5: ni 2,016,000. Toa nilichokwisha lipa, inabaki 1,848,000. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kuita pesa ya tajiri mauzo yangu, na kosa hilo nililipalilia mwenyewe kwa kutumia akaunti moja.

Jirani alinishauri ninyamaze, eti watasahau. Huo ni ushauri wa kumfilisi mtu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 tangu ulipopokea hati ya makadirio kumwandikia Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) pingamizi lenye sababu. Zikipita, deni linasimama hata kama halikuwa lako. Aliyezuiwa na ugonjwa, au aliyekuwa nje ya nchi, anaweza kuomba muda zaidi, lakini aombe kabla siku hazijaisha.

Linalowashtua wengi ni hili: pingamizi halipokelewi mikono mitupu. Unatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa. Kwangu theluthi ilikuwa 616,000. Sheria inamruhusu Kamishna Mkuu kupunguza kiasi hicho au kukisamehe kwa sababu za msingi, na maafa ni sababu ya kuandika. Mimi niliuza mbuzi, nikalipa.

Kisha nikaanza kutafuta karatasi. Benki ilinichapia taarifa ya mwaka mzima, na kila muamala mkubwa ulikuwa na jina la tajiri kama mtumaji. Tajiri mwenyewe aliandika barua, akaambatanisha namba yake ya mlipakodi, akikiri mzigo ulikuwa wake. Lakini kilichoniokoa hasa ni stakabadhi za ushuru wa mazao. Halmashauri hutoza ushuru kwa mnunuzi, na kwa kila gari nilikuwa nimeandikisha jina la tajiri. Dereva alikuwa amezihifadhi kwenye kava la viti vya lori. Niliziweka kwa tarehe, kila stakabadhi ikafuata siku chache baada ya pesa kuingia benki.

Katika kupanga huko niliona kosa langu jingine. Ile 8,000 kwa gunia ilikuwa 960,000 kwa mwaka, na sikuwahi kuitaja kwenye kadirio. Niliiandika kwenye pingamizi bila kuulizwa. Huwezi kumwomba mtu aamini karatasi zako huku unaficha moja.

Uamuzi ulipotoka, mauzo yangu yaliwekwa 10,560,000 na kodi 196,800. Nilikuwa nadaiwa 28,800 na riba yake. Kilichozidi kwenye theluthi kilihesabiwa kwenye awamu zangu zilizofuata. Ningekataliwa, ningekuwa na siku 30 nyingine za kutoa notisi ya kukata rufaa Bodi ya Rufani za Kodi.

Leo pesa ya tajiri ina akaunti yake, na stakabadhi nazipiga picha jioni ileile, maana kumbukumbu za biashara zinatakiwa zitunzwe miaka mitano na rafu yangu iliwahi kuondoka siku moja. Wewe unayenunua mbaazi, ngano au vitunguu kwa pesa ya mtu mwingine, andikishaneni kwanza kabla gari halijapakiwa. Na kama barua imeshakufikia, andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea, uanze kuhesabu.