Kula Tucson: Kuutafuta Mlo wa Kukumbukwa Katika Jangwa la Sonora

Tucson, mji wa kusini mwa jimbo la Arizona, ulitangazwa na UNESCO mnamo Desemba 2015 kuwa Mji wa Sanaa ya Mapishi, wa kwanza nchini Marekani kupewa hadhi hiyo. Marekani ina miji yenye migahawa mingi na ya kifahari zaidi. Tucson iliitangulia kwa sababu ya ukongwe wa kilimo chake: chini ya kilima cha Sentinel Peak, kando ya mto Santa Cruz, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya mahindi yaliyolimwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mgeni anayetaka kula chakula atakachokikumbuka hana budi kuanzia kwenye mazao hayo, kabla ya kuhesabu nyota ambazo wateja wameupa mgahawa huu au ule.

Wenyeji wa jangwa hili, watu wa Tohono O'odham, walipanda mahindi, maboga na maharage ya tepari mvua za Julai zilipoanza. Tepari ni maharage madogo, meupe au ya kahawia, yanayostahimili ukame kuliko aina nyingi za maharage. Yakipewa maji mengi kupita kiasi, hutoa majani tele na punje chache. Mwishoni mwa karne ya 17 padri Mjesuiti Eusebio Kino alileta ngano, ikapokelewa vizuri kwa sababu ya majira yake. Ngano hupandwa wakati wa baridi na kuvunwa kabla ya joto kali, miezi ambayo mashamba ya mahindi yalikuwa tupu. Unga wa ngano nyeupe ya Sonora ni laini na unavutika sana, na ndio uliozaa tortilla za huku. Chapati ya kusukuma ni nene mara kadhaa kuliko tortilla hizi, ambazo hutandazwa kwa mikono hadi mwanga upenye, nyingine zikafikia upana wa karibu nusu mita.

Mti wa mesquite nao una nafasi yake jikoni. Ni jamaa wa karibu wa mathenge, mti ambao wafugaji wa Baringo nchini Kenya wanaulalamikia kwa kuvamia malisho na kwa maganda yake matamu yanayoharibu meno ya mbuzi. Jangwani Sonora mesquite ni mti wa asili. Maganda yake huokotwa Juni kabla ya mvua, hukaushwa na kusagwa kuwa unga wenye utamu wake wenyewe, unaotiwa kwenye biskuti na mikate. Kuni na mkaa wake ndivyo vinavyoipa nyama ya kuchoma ya Tucson harufu yake, na mchomaji anayetumia gesi hawezi kuipata harufu hiyo hata akiongeza viungo vya kila namna.

Jambo la pili la kulielewa ni mpaka. Tucson ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi mkataba wa Gadsden, uliotiwa saini Desemba 1853 na kuidhinishwa mwaka uliofuata, ambapo Marekani ililinunua eneo hilo kwa dola milioni 10. Familia nyingi zilibaki pale pale na upishi wao. Kwa hiyo chakula cha Kimeksiko mjini humo si kigeni, ni cha mji wenyewe, na hasa ni cha Sonora, jimbo la wafugaji la Meksiko: ngano na nyama ya ng'ombe vimetangulia mbele ya mahindi. Anayeagiza vyakula vya majimbo mengine ya Meksiko, kama Oaxaca au Yucatán, huenda akala vizuri, lakini atakuwa amekipita kile kilicho bora zaidi mahali hapo.

Mfano mzuri ni nyama kavu, carne seca, ya El Charro Café. Mgahawa huo ulianzishwa mwaka 1922 na Monica Flin, na bado uko mikononi mwa familia yake. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vyembamba, hutiwa ndimu na kitunguu saumu, kisha huanikwa ndani ya kizimba juu ya paa, ikakaushwa na jua na upepo wa jangwani. Ikishakauka huchambuliwa nyuzinyuzi na kukaangwa pamoja na nyanya, vitunguu na pilipili za kijani. Matokeo yake ni nyama yenye ladha nzito, kavu kidogo kingoni na laini katikati. Mgahawa huo husimulia pia kwamba chimichanga, yaani tortilla iliyofungwa na kukaangwa kwenye mafuta mengi, ilizaliwa jikoni mwake; wengine Arizona wanadai hivyo hivyo, na ubishi huo haujakatwa.

Chakula cha mtaani kina hadhi kamili huko. El Güero Canelo ilianza mwaka 1993 kama mkokoteni wa kuuza hotdogi, na mwaka 2018 ikapata moja ya tuzo za James Beard, tuzo maarufu za upishi nchini Marekani, ile inayotolewa kwa migahawa ya kienyeji inayopendwa kizazi hadi kizazi. Hotdogi ya Sonora ni soseji iliyoviringishwa kwa bekoni na kuchomwa, ikawekwa ndani ya mkate laini uliofungwa ncha zote mbili, juu yake maharage, nyanya, vitunguu, mayonezi, haradali na mchuzi wa pilipili. Upande wa mikate yupo Don Guerra wa Barrio Bread, aliyeanza kwa kuoka katika gereji ya nyumba yake mwaka 2009 na kutwaa tuzo ya James Beard ya mwokaji bora mwaka 2022. Hutumia nafaka za wakulima wa Arizona, ikiwemo ile ngano nyeupe ya Sonora.

Nje ya majina hayo, utafutaji uanzie upande wa kusini wa mji, hasa barabara ya South 12th Avenue. Majengo mengi huko hayavutii kwa nje, na meza huweza kuwa za plastiki. Dalili za kuaminika ziko jikoni na mezani: tortilla zinazotandazwa hapo hapo, moshi wa mesquite, na kibakuli cha chiltepin, pilipili pori ndogo za mviringo zenye ukali unaochoma ghafla na kupoa upesi. Mhudumu akiulizwa maharage ni ya aina gani na unga umetoka wapi akajibu bila kusita, mgeni akae. Tahadhari moja ni muhimu kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: mbali na bekoni, mafuta ya nguruwe hutumika mara nyingi katika tortilla za ngano na maharage ya kupondwa, na menyu haisemi kila mara. Ni lazima kuuliza.

Bei iliyoandikwa kwenye menyu haijumlishi kodi, na mhudumu wa mezani hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Mji umetawanyika, hivyo gari linahitajika. Joto la Juni hupita nyuzi 40 za Selsiasi, lakini mwezi huo ndio wa matunda ya saguaro, dungusi kakati mrefu kuliko wote nchini Marekani. Vitumba vya maua vya cholla, dungusi kakati mwingine, huchumwa Aprili, na chiltepin huiva msimu wa vuli.

Mwenye siku moja tu aianze asubuhi katika bustani ya Mission Garden, chini ya Sentinel Peak, ambako mazao ya vipindi vyote hivyo yamepandwa kando kwa kando. Mchana ale carne seca, jioni nyama ya kuchoma kwa mesquite South 12th Avenue, na popote atakapoona tepari kwenye menyu, aziagize.