Kwa nini kompyuta ya asiyeona hunyamaza kwenye baadhi ya mifumo ya mtandaoni?

Kazi nyingi za ofisi hapa Mtwara zimehamia kwenye intaneti. Tangu msimu wa 2024/2025, hata mnada wa korosho umekuwa ukiendeshwa kwa mfumo wa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Karani anayeona hufungua kivinjari, akatazama, akabofya. Je, karani asiyeona anafanyaje? Tunaeleza.

Kisoma skrini ni nini?

Ni programu inayotamka kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. JAWS huuzwa. NVDA ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha James Teh akajiunga naye; wote wawili hawaoni. Mtumiaji hategemei kipanya, bali kibodi. Kwenye ukurasa wa intaneti, akibonyeza H, NVDA humpeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata. B humpeleka kwenye kitufe, na T kwenye jedwali.

Tatizo liko wapi?

Kisoma skrini hakitazami skrini kama sisi. Hukiuliza kivinjari: hapa pana nini? Kivinjari hujibu kwa maelezo aliyoyaweka mtengenezaji wa mfumo. Akiwa ameandika kwamba hiki ni kitufe cha "Hifadhi", ndivyo kitakavyotamkwa.

Programu iliyotengenezwa vizuri na kusakinishwa kwenye kompyuta hutoa maelezo hayo yenyewe. Lakini programu hiyohiyo ikiwekwa kwenye seva ya mbali na kufunguliwa ndani ya kivinjari, mara nyingi kinachomfikia mtumiaji ni picha ya dirisha lake tu. Anayeona huona vitufe vyote. Kisoma skrini hukuta picha moja isiyo na maneno, kikanyamaza. Ni kama sisi tuoneshe picha mbele ya kipaza sauti, tukitarajia msikilizaji aliyeko Msimbati aione.

Nini kifanyike?

Mtengenezaji atumie vitufe na majedwali halisi ya kivinjari, siyo michoro. Pale visipotosha, afuate WAI-ARIA, kanuni zilizopitishwa na W3C mwaka 2014. Google Docs, kwa mfano, ina sehemu maalumu ya kuwasha msaada wa kisoma skrini. Ikiwa lazima programu ionyeshwe kama picha, kisoma skrini kisakinishwe kwenye seva ileile, na sauti yake imfikie mtumiaji.

Utajuaje kama mfumo wenu unafaa?

Weka kipanya pembeni. Jaribu kumaliza kazi moja kwa kibodi peke yake, kisha washa NVDA, zima skrini na urudie. Ukikwama, na asiyeona atakwama.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yao ya kuajiriwa. Lakini anayepewa kazi kisha akakabidhiwa mfumo usioongea, hawezi kuifanya. Kwa hiyo ofisi inayonunua mfumo ifanye jaribio hili kabla ya kulipa, na mtumiaji asiyeona awepo. Kurekebisha baadaye ni gharama zaidi.