Aliyechora Ukuta wa Watu au Kung'oa Alama ya Njia: Vipi Atatubia?

 

Kijana anapochora ukuta wa jirani kwa rangi ya kupuliza, au akavunja taa ya mtaa, wazazi wengi husema: "Utoto tu huo, utapita." Tunapenda kueleza kwa nini jambo hili si dogo katika Dini yetu, na la kufanya likishatokea.

Tuanzie mbali kidogo na visiwa vyetu. Ndugu zetu wanaopanda basi Dar es Salaam kwenda Mwanza, wakishapita Singida, huteremka mlima wa Sekenke, wilayani Iramba. Mteremko ni mkali na wenye kona, na malori mazito hupita hapo. Dereva mgeni hutegemea alama za njia na vyuma vya kando. Katika barabara kuu za Tanzania vitu hivi vimekuwa vikiibiwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Anayeng'oa kibao cha kona hajui basi gani litafika hapo usiku. Pengine ndani yumo mama yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi vipi anayeondoa kinga na kuacha udhia? Na anayenunua chuma hicho huku akijua kimetoka wapi, ameshirikiana naye katika dhambi.

Mtaani kwetu hali ni hiyo hiyo. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hii hupitisha unyevu. Rangi ya mafuta huuziba, unyevu ukabaki ndani, na plasta ikabanduka. Kwa hiyo mchoro wa dakika mbili huweza kumtia mwenye nyumba gharama kubwa.

Tawba ya kosa hili ina masharti manne: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki ya watu. Ukuta ukiwa wa jirani, mwendee, muombe radhi, umtengenezee au umlipe. Akisamehe, deni limekwisha. Mali ya umma ni nzito zaidi, kwani wenyewe ni watu wote, na huwezi kumuomba radhi kila abiria aliyepita Sekenke. Hapo haki hurudishwa kwa mamlaka inayoisimamia: kitu chenyewe, au thamani yake. Anayeona haya apeleke kupitia mtu muaminifu.

Na mtoto ambaye hajabaleghe? Haandikiwi dhambi, lakini alichoharibu hulipwa. Kama ana mali, katika mali yake, na mlezi ndiye msimamizi wa kulipa.

Qur-aan, katika Suratul-Anbiyaa, imetaja hukumu ya Nabii Daawuud na Nabii Sulaymaan (a.s.) kuhusu shamba lililoingiliwa na kondoo wa watu usiku. Wafasiri wameeleza kuwa Sulaymaan aliona wenye kondoo walihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na mwenye shamba anufaike na kondoo kwa muda huo, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Mharibifu alitakiwa atengeneze.

Basi mzazi asimfiche mwanawe, wala asiishie kumpiga. Amshike mkono waende pamoja kwa mwenye ukuta. Wasikwangue kwa brashi ya waya, kwani huondoa na chokaa; wamuulize fundi wa chokaa, na kwa nyumba za Mji Mkongwe waulize kwanza Mamlaka yake. Kisha mtoto mwenyewe abebe ndoo. Atakayekuwa amesafisha ukuta kwa mikono yake jua likimuwakia, tunataraji atakuwa wa kwanza kumkataza mwenzake.

Wa Allaahu A'lam.