Gemu za zamani kwa ada ya mwaka: nani anabaki na marudio?

Mwenye chumba cha gemu Kahama, Katoro au Geita mjini hufika mahali ambapo mashine zake za PlayStation 2 zinachoka. Sony ilisimamisha kuzitengeneza mwaka 2013, baada ya zaidi ya mashine milioni 150 kuuzwa duniani, na kila mwaka vipuri vinazidi kuwa vya kuokoteza. Mbele yake kuna njia mbili. Anaweza kutafuta mashine nyingine iliyotumika na kuendelea na diski alizonazo, au kununua PlayStation 4 au 5, ambazo hazisomi diski hizo za zamani, kisha kulipa ada inayofungua rafu ya gemu za zamani kwa njia ya intaneti.

Safu hii imepiga hesabu ya njia hiyo ya pili. Kwa mwenye chumba cha biashara, jibu letu ni kwamba hailipi, ingawa sababu si ile ambayo wengi wanaidhania.

Kwanza tuangalie kinachouzwa. Nintendo ilianza huduma yake Septemba 2018 kwa dola 19.99 kwa mwaka, na Oktoba 2021 ikaongeza daraja la dola 49.99 lenye gemu za Nintendo 64 na Sega Mega Drive. Sony ilipanga upya PlayStation Plus mwaka 2022 na kuziweka gemu zake za zamani katika daraja la juu. Daraja hilo lilikuwa dola 119.99 kwa mwaka huko Marekani, na Septemba 2023 likapandishwa hadi 159.99, yaani ongezeko la theluthi moja kwa mara moja. Antstream ya Uingereza ilipoingia kwenye mashine za Xbox mwaka 2023 iliuza kwa dola 29.99 kwa mwaka, au 79.99 kwa maisha. (Maisha ya nani, ya mteja au ya kampuni, mnunuzi ajiulize mwenyewe.)

Wasomaji wa ukanda wa dhahabu hawahitaji kufundishwa biashara hii. Mchimbaji hupeleka mawe kwenye karasha, yanasagwa, anakamata dhahabu yake kwa zebaki na kuondoka. Mchanga uliobaki, yaani marudio, mara nyingi ni wa mwenye mwalo. Zamani ulionekana uchafu tu. Ilipokuja mitambo ya sayanaidi, uchafu ule ukageuka mtaji, na wapo waliopata zaidi katika marudio kuliko mchimbaji aliyeshuka kwenye duara. Kampuni za gemu nazo zimerudia mchanga wao. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, yenye ukubwa wa kilobaiti 40 tu, gharama zake zilirudi zamani sana. Leo inaingizwa tena kwenye tangi na kuuzwa kwa ada.

Hakuna ubaya katika hilo. Jambo la kuangalia ni kwamba mlipa ada hanunui mchanga, ananunua ruhusa ya kuingia mwaloni. Siku anapoacha kulipa hana kitu, na hata akiwa analipa, orodha hubadilika. Mfano, Grand Theft Auto III iliyofanyiwa ukarabati iliwekwa katika huduma ya Sony ya wakati huo Desemba 2021, ikaondolewa mwisho wa Januari 2022. Na hata wale walionunua gemu za zamani moja moja katika duka la mtandaoni la Wii waliona duka hilo likifungwa Januari 2019.

Tuje kwenye bei. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi, daraja la juu la Sony kwa bei ile ya Marekani ni shilingi 400,000 kwa mwaka. Chumba kinachotoza, tuseme, shilingi 300 kwa mechi kitarudisha fedha hizo kwa mechi 1,334, yaani pungufu ya nne kwa siku. Hilo si zito kwa chumba chenye wateja. Kwa hiyo anayesema huduma hizi ni ghali hajagusa tatizo lenyewe.

Tatizo la kwanza ni bidhaa. Chumba cha gemu kinaishi kwa zamu: mechi fupi, watu wawili, wengine wamesimama nyuma wakisubiri. Mchezo wa namna hiyo ni mpira. Lakini gemu za zamani za mpira ndizo zinazoadimika kuliko zote katika rafu za ada, kwa sababu leseni za majina ya wachezaji, klabu na ligi huisha muda wake. Gemu za FIFA za miaka iliyopita ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni mwaka 2023, EA ilipohamia jina jipya baada ya kuachana na shirikisho hilo. Zinazojaa kwenye rafu ni za mtu mmoja kukaa saa tatu akitafuta ufunguo wa pango. Nzuri nyumbani, lakini kwenye benchi la biashara zinaziba nafasi.

La pili ni masharti. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation. Anayeingia hufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua vocha za dola kwa wachuuzi, ambao nao wanaweka faida yao juu. Aidha, masharti ya huduma yanaruhusu matumizi binafsi tu, si ya biashara. Ni kweli kwamba hata diski nyingi ziliandikwa masharti yake. Tofauti ni kwamba diski haina mkono wa kukuzimia mashine ukiwa Katoro; akaunti inao, na ikifungwa, salio lako linaondoka nayo.

La tatu ni mtandao. Gemu inayochezwa moja kwa moja kutoka mbali kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 2.25 kwa saa, na gharama hiyo haimo katika zile 400,000. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikarudi baada ya siku kadhaa. PlayStation 2 haikujua habari hizo.

Kisha kuna jambo la huku kwetu. Rashi ikilipuka mahali, vijana wanahama kwa usiku mmoja na fedha zinahama nao. Mwenye mashine na diski anapakia kila kitu kwenye bodaboda, anatafuta jenereta, na kesho yake yuko kazini kando ya maduara. Mwenye ada ya mwaka amelipia huduma inayotegemea mnara wa simu ambao huko hauonekani.

Kwa nyumbani hesabu ni nyingine. Mzazi mwenye Nintendo Switch anaweza kuliona daraja la chini kuwa la maana: gemu hizo ni ndogo mno, zinapakuliwa, na zinachezwa bila intaneti mradi mashine iunganishwe walau mara moja kila siku saba. Hapo shilingi 50,000 kwa mwaka, kwa bei ile ya kuanzia, si fedha za kupotea.

Tahadhari moja kwa wanaokimbilia upande mwingine: mashine zilizojazwa gemu mia kadhaa za kunakili ni za bei rahisi kwa sababu hakuna aliyelipwa, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamgusa mwenye chumba, si fundi aliyemuuzia peke yake. Anayetaka kujaribu ada kihalali ajaribu nyumbani kwake, alipe mwezi mmoja badala ya mwaka, na kabla ya kulipa asome orodha ya gemu zilizomo siku hiyo. Mpira wake usipokuwamo, fedha hizo zinunue padi mbili mpya na lenzi ya akiba.