Pawa Saplai: Mgawaji wa Umeme Ndani ya Kompyuta

Siku hizi wameongezeka vijana wa jeshi na polisi wanaopenda kujiundia wenyewe kompyuta ya michezo, badala ya kununua iliyokwisha kuundwa. Siku ya mapumziko huonekana wakizunguka katika maduka yaliyo chini ya kilima cha Nakasero, upande wa Kampala Road, wakiuliza bei za prosesa, kadi za grafiki na viwambo. Jambo hilo si baya hata kidogo, kwani mtu aundaye chombo kwa mikono yake hujifunza namna kinavyofanya kazi. Lakini kipo kifaa kimoja ambacho wengi hukiulizia mwisho kabisa, wakati mfuko umekwisha kuwa mwepesi. Kifaa hicho ni pawa saplai.

Ndugu msomaji, kila askari anamfahamu mtunza ghala wa kikosi. Yeye hupokea chakula kwa magunia, kisha humpa kila mmoja fungu lake, bila kuzidisha wala kupunguza. Hiyo ndiyo kazi ya pawa saplai. Hupokea umeme wa ukutani, ambao hapa Uganda ni wa volti 240 na hubadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Kisha huugeuza uwe wa mwelekeo mmoja na kuugawa katika mafungu ya volti 12, volti 5 na volti 3.3. Prosesa na kadi ya grafiki hula fungu la volti 12. Mtunza ghala akiwa mdanganyifu, kikosi kizima hulala njaa. Na pawa saplai ikiwa mbovu, kompyuta huzimika katikati ya mchezo, au vifaa vya thamani kubwa huungua pamoja nayo.

Kabla ya kwenda dukani, yakupasa kufanya hesabu. Tuchukue mfano wa kompyuta ya kiasi: prosesa ya Intel Core i5-12400, ambayo ikifanya kazi kwa nguvu zote yaweza kufika wati 117, na kadi ya grafiki ya GeForce RTX 4060, ambayo hutumia wati 115. Weka wati 60 kwa madabodi, kumbukumbu, diski na feni. Jumla ni wati 292. Je, pawa saplai ya wati 300 yatosha? Haitoshi. Kadi ya grafiki huweza kuvuta umeme kwa kishindo, kwa kitambo kidogo sana, kupita kiwango chake cha kawaida; tena kifaa kinachobeba mzigo wake wote mchana kutwa hupata joto na kuchakaa upesi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa kadi hiyo hushauri pawa saplai ya wati 550. Atakaye RTX 4070, inayotumia wati 200, hushauriwa achukue wati 650. Lakini kununua ya wati 1000 kwa kompyuta ndogo kama ile ya kwanza ni kutupa fedha, kwani kompyuta huvuta kiasi inachohitaji tu.

Hatari kubwa iko katika maandishi ya ubavuni. Pawa saplai za hila huandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, na mnunuzi huridhika. Askari mwangalifu hatosheki na herufi kubwa; husoma jedwali dogo lililobandikwa kwenye kisanduku, akatafuta safu ya volti 12, akazidisha volti kwa ampea. Ikiwa safu hiyo ina ampea 45, basi 12 mara 45 ni wati 540, na hiyo ni pawa saplai ya kweli ya wati 550. Ikiwa ina ampea 20 tu, jibu ni wati 240, na yale maandishi ya wati 500 ni maneno matupu. Hesabu hiyo haihitaji chombo chochote ila macho na kipande cha karatasi, nayo yaweza kufanywa mbele ya mwenye duka pasipo ugomvi.

Jambo la pili la kutazama ni alama ya 80 PLUS. Mpango huo ulianza mwaka 2004, nao hupima ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinachofika katika vifaa na ni kiasi gani kinachopotea kuwa joto. Katika kipimo cha volti 115, mzigo ukiwa nusu, daraja la kwanza hufikisha asilimia 80, la shaba asilimia 85, na la dhahabu asilimia 90. Tuseme vifaa vyako vinahitaji wati 300. Kwa pawa saplai ya asilimia 80 utavuta wati 375 ukutani. Kwa ile ya asilimia 90 utavuta wati 333. Tofauti ni wati 42. Ukicheza saa nne kila siku, kwa mwezi umepoteza karibu yuniti tano za umeme, nazo hukatwa katika Yaka yako kama yuniti nyingine zote. Hata hivyo, alama hiyo hupima upotevu tu, haipimi usalama. Hakikisha kwamba maelezo ya kifaa yanataja kinga dhidi ya volti kuzidi, mzigo kuzidi, joto kuzidi na nyaya kugusana.

Umeme wetu nao una historia yake. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 2005 na 2006 maji ya ziwa yalipopungua, nchi iliona giza la zamu kwa zamu. Baadaye likaja bwawa la Bujagali mwaka 2012, lenye megawati 250, na bwawa la Karuma, lenye megawati 600, likazinduliwa mwaka 2024. Tangu Aprili 2025 usambazaji umo mikononi mwa UEDCL, baada ya mkataba wa Umeme kumalizika. Lakini umeme kuwa mwingi katika mabwawa si sawa na umeme kutulia katika soketi ya nyumba. Nguzo ikianguka, au radi ikipiga, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo.

Pawa saplai njema huweza kushikilia kompyuta kwa takriban milisekunde 16 umeme ukikatika, muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho. Zaidi ya hapo ni kazi ya UPS, yenye betri ndani. Hapa pia soma maandishi kwa makini: UPS iliyoandikwa VA 650 haitoi wati 650, bali mara nyingi hutoa wati zisizofika 400. Radi ikianza kunguruma juu ya ziwa, dawa iliyo bora kuliko zote ni kuchomoa plagi ukutani.

Yapo pia makosa yanayoleta maafa. La kwanza ni la vifaa vikuukuu vilivyotoka ng'ambo. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Kifaa kilichotumika Marekani huwa kimewekwa 115. Ukikichomeka hapa Kampala bila kuigeuza swichi hiyo, kitapasuka kwa mlio na moshi. La pili ni kuchanganya nyaya. Pawa saplai nyingi huwa na nyaya za kuchomoa, lakini mpangilio wa pini haufanani kutoka kampuni moja hadi nyingine, hata kama plagi inaingia sawasawa. Waya wa kampuni moja ukichomekwa katika pawa saplai ya kampuni nyingine, diski na madabodi huweza kuungua kwa mara moja.

La tatu ni kuidharau pini ya ardhi. Plagi yetu ina pini tatu na fyuzi ndani yake, na ile pini ndefu ndiyo inayopeleka umeme uliopotea ardhini badala ya kuupitisha katika mwili wa mtu. Katika nyumba za kambini wako wanaoikata ili plagi iingie katika ekstensheni ya matundu mawili. Mwenye kufanya hivyo amemvua mwanawe kinga kwa mkono wake mwenyewe. La nne ni kuifungua pawa saplai iliyokufa ili kuitengeneza. Ndani yake mna kapasita inayoweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi asiyekuwa na mafunzo asiiguse, ainunue nyingine.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Askari aliyekopa katika Wazalendo SACCO au Exodus ili amnunulie mtoto kompyuta atalipa deni hilo mwezi baada ya mwezi, kompyuta iwe nzima au iwe imeungua. Kama fedha hazitoshi, ni afadhali kununua kadi ya grafiki iliyo ndogo kwa daraja moja, na ile tofauti kuiongeza kwenye pawa saplai. Kadi ndogo itapunguza uzuri wa picha, nayo yaweza kubadilishwa mwakani. Pawa saplai njema itakuwa pale pale ikiisubiri kadi mpya, kwani nyingi zilizo bora hupewa dhamana ya miaka mitano au zaidi. Dai risiti yenye jina la kifaa na muda wa dhamana, uitunze kama utunzavyo kitambulisho chako cha kazi. Ndipo uteremke Nakasero na kisanduku chako, ukijua umebeba nini.