Jinsi meno ya nyoka yalivyoumbika kulingana na mawindo

MKULIMA anayemkanyaga bafe gizani huumwa na meno ambayo hayakuumbika kwa ajili yake. Yaliumbika kwa ajili ya panya.

Kwa mamilioni ya miaka, meno ya nyoka wenye sumu yamekuwa yakibadilika kulingana na chakula chao, na tofauti hizo huchangia kuamua binadamu akiumwa atapata jeraha la namna gani.

Bafe, ambaye pia huitwa kifutu, ana meno marefu, membamba na yaliyopinda, yenye tundu ndani mfano wa sindano ya daktari. Anapofumba kinywa, meno hayo hujikunja na kulala, anaposhambulia, husimama. Urefu wake hupita sentimita moja. Bafe wa Gaboni, jamaa yake wa msituni, ana meno yanayokaribia sentimita tano, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani.

Ngozi ya panya ni laini, hivyo jino jembamba hupenya bila kuvunjika. Isitoshe, panya naye huuma. Ndiposa bafe humdunga, akamwachilia papo hapo, kisha akafuata harufu yake hadi alipoangukia.

Mbinu hiyo haimfai anayewinda juu ya miti, kwani ndege akiachiliwa ataruka na kufia mbali. Nyoka wa mitini ambaye Makaburu walimpa jina boomslang ana meno ya sumu nyuma ya kinywa, chini ya macho, nayo yana mifereji badala ya tundu. Humng'ang'ania ndege au kinyonga na kumtafuna huku sumu ikipenya.

Kwa kuwa meno hayo yako nyuma, wataalamu wengi wa zamani waliamini kuwa nyoka huyo si hatari sana kwa binadamu. Mwaka 1957, mtaalamu wa nyoka Karl P. Schmidt aliumwa na boomslang mchanga mjini Chicago, Marekani. Badala ya kutafuta matibabu, aliendelea kuandika dalili alizozihisi. Siku iliyofuata alifariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili.

Mnamo 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walichapisha matokeo ya kulinganisha meno ya spishi 81 za nyoka. Walibaini kuwa nyoka wanaokula wanyama wenye magamba au maganda magumu wana meno manene na imara, ilhali wanaokula wanyama wenye ngozi laini wana meno membamba na makali.

Hata hivyo, si kila kitu kinaelezwa na mawindo. Swila mkubwa anayepatikana Pwani ya Kenya, ambaye mwaka 2007 alitambuliwa kuwa spishi ya kipekee na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, hula kenge na hata bafe. Meno yake ni mafupi na hayajikunji. Lakini tundu lake limeelekea mbele, na kwalo hutema sumu hadi machoni mwa adui aliye umbali wa mita mbili. Hatemi ili apate chakula. Hapa ni maadui, wala si mawindo, waliochonga jino.

Kwa aliyeumwa, maumbo haya si hadithi tu. Sumu ya bafe huingizwa ndani ya nyama na kuiozesha, hivyo kuchanja jeraha kwa wembe au kulifyonza hakuitoi, bali huongeza kidonda na kuchelewesha safari ya hospitalini. Aliyetemewa na swila huhitaji kuoshwa macho mara moja kwa maji mengi safi.

Naye aliyeumwa na boomslang huenda akajihisi mzima kwa saa kadhaa kabla ya ufizi kuanza kutoa damu. Dawa ya sumu ya bafe haimsaidii mgonjwa huyu. Yake ni ya pekee, na imekuwa ikitengenezwa Afrika Kusini.